Ofa za kasino zimeacha kuja nyumbani, zimeenda wapi?

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa ndugu zetu walioko Marekani na karibu zote zinauliza kitu kile kile, zile bahasha za kasino zenye hela ya bure ya kuchezea, chakula cha wawili na usiku mmoja hotelini, mbona zimekata ghafla. Mi nimekaa kaunta ya kadi za wachezaji, zile kadi unazochomeka kwenye mashine ili kasino ihesabu mchezo wako, miaka ya kutosha kabla sijaanza kuandika hapa, kwa hiyo hili swali nimeulizwa na watu wa kila aina, wengine kwa upole, wengine wanapiga meza. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana ina mambo mengi ndani yake, hizo nyingine utaziona.

Swali

Anko shikamoo. Niko Kansas City upande wa Missouri, nafanya kazi ya kutunza wazee, na siku zangu za mapumziko huwa napita kasino moja ya huku na shoga yangu kupunguza mawazo. Kila mwezi nilikuwa naletewa bahasha yangu, ndani kuna kuponi za dola 20 za kuchezea kila wiki na bafe mara moja. Sasa tangu nihame apatimenti ya zamani mwezi wa tatu sijaona kitu, na posta nilijaza fomu ya kubadilisha anwani, bili zinakuja, za benki zinakuja, ya kasino tu ndo haiji. Shoga yangu zake anapata kama kawaida. Nimeenda kaunta yule binti akaniambia itakuja tu, subiri. Mwenzangu mmoja kazini anasema wamenifungia kwa sababu kabla ya kuhama nilishinda dola 900 kwenye mashine, mwingine anasema mpangaji mpya ndo anazichukua anaenda kuzila yeye. Nifanyeje Anko, na za miezi iliyopita naweza kudai?

Dada wa Kansas City

Jibu

Marahaba dada. Tuanze na huyo mpangaji mpya, tumtoe kwenye kesi mapema. Hata akizichukua hazimsaidii kitu, kuponi ina jina lako na namba ya kadi yako, kaunta wataomba kitambulisho, na ile hela ya kuchezea inaingia kwenye akaunti yako, haiko kwenye karatasi. Labda bafe wakiwa wazembe. Mwache mtu wa watu.

Mhusika mkubwa hapa ni posta yenyewe, na wala haijakosea, inafuata utaratibu wake ambao wengi hatuujui. Ile fomu uliyojaza inahamisha barua za daraja la kwanza, yaani bili, benki, barua za ofisi, hizo watakuletea kwako kwa miezi 12. Kasino hatumi hivyo. Kasino anatuma maelfu kwa mpigo kwa bei ya jumla, daraja la matangazo, na daraja hilo posta ya Marekani haihamishii mtu. Ikifika kule ulikohama, kama mtumaji hajalipia ziada ya kupelekwa mbele au kurudishiwa, inatupwa. Kasino hairudi, kwako haiji, imeishia hapo. Na kama chini ya jina kuna maneno OR CURRENT RESIDENT basi anaachiwa yeyote anayekaa pale. Azima bahasha ya shoga yako uangalie kona ya juu kulia, ukiona hamna stempu ila kuna kiboksi kimechapwa PRSRT STD, ndo daraja lenyewe hilo.

Utasema sasa mbona kuna watu wanahama na zinawafuata. Ni kweli, kwa sababu wanaotuma kwa hiyo bei ya jumla wana sharti, lazima orodha yao ya anwani wailinganishe na orodha ya posta ya watu waliohama, na wawe wamefanya hivyo ndani ya siku 95 kabla ya kutuma. Kwa hiyo anwani yako mpya ilitakiwa iwafikie bila hata wewe kufungua mdomo. Tatizo ni kwamba kompyuta inalinganisha jina na jina, na hapo ndo sisi wenye majina matatu tunaponasa. Unakuta kwenye leseni ya udereva jina la baba limekaa kama jina la kati, la babu ndo ukoo, kasino wakaandika hivyo, halafu posta umejaza mawili tu au umetumia la mume, basi mashine inaona hao ni watu wawili tofauti, inaendelea kupeleka kule kule kwa zamani. Nimekutana kaunta na mama ana akaunti zaidi ya moja kasino hiyo hiyo, herufi moja tu ndo tofauti kwenye jina, na pointi zake zimetawanyika kama hazina mwenyewe. Huko kwenu Missouri ndo kuna mambo ya zamani zaidi, maana mpaka mwaka 2008 ilikuwa huingii kucheza bila kadi, sheria ilimkataza mtu kupoteza zaidi ya dola 500 ndani ya masaa mawili na kadi ndo ilikuwa inatumika kuhesabu, wananchi wakaja kulifuta kwa kura mwezi Novemba mwaka huo. Wenyeji wa siku nyingi bado wana akaunti za enzi hizo wamezisahau kabisa.

Kingine, kuna kasino wakirudishiwa barua wanaiwekea akaunti alama ya anwani mbovu. Ikishawekwa hiyo alama hutumiwi tena chochote mpaka uje mwenyewe na kitambulisho. Yule binti aliyekuambia itakuja tu, naweka dau hakufungua hata ukurasa wa anwani yako, simlaumu sana, foleni ya kaunta unaijua.

Kwa hiyo rudi. Nenda asubuhi katikati ya wiki, usiende Ijumaa usiku, beba kitambulisho chenye anwani mpya, kama leseni bado ya zamani beba na bili. Na usiulize mbona barua yangu haijaja, hilo swali jibu lake ni itakuja. Mwambie akusomee anwani iliyoko kwenye akaunti neno kwa neno mpaka namba ya apatimenti, maana jengo lina milango 60 na barua haina namba ya mlango, mgawa barua ataiweka wapi. Muulize kama kuna alama yoyote inayozuia barua kwenye akaunti yako. Muulize kama kuna akaunti nyingine yenye tarehe yako ya kuzaliwa. Muulize pia kama umewekwa kwenye kutumiwa kwa imeili peke yake, kwa sababu kuna watu wanapakua apu ya kasino wanabonyeza ndio ndio ndio mpaka mwisho, kumbe mojawapo ya hizo ndio ilikuwa kukubali kutoletewa karatasi. Tangu kasino zifungwe 2020 kwa ajili ya korona nyingi zilipofunguliwa zilipunguza sana karatasi, kuchapa na kutuma ni gharama, imeili ni bure.

Halafu kabla hujaondoka muulize la mwisho, ambalo kwa kweli ungeweza kuanza nalo, kwa mwezi huu nina ofa gani kwenye akaunti yangu?

Hili watu wengi hawalijui na ndo kitu kikubwa ninachotaka ukishike. Ile karatasi ni taarifa tu. Ofa yenyewe kasino nyingi inakaa kwenye akaunti, unachomeka kadi kwenye ile mashine ya kuangalizia pointi pale mlangoni au unafungua apu unaiona, unaweka namba yako ya siri inashuka kwenye mashine unayocheza. Inawezekana kabisa dada yangu miezi yote hii ulikuwa unakaa kwenye kiti unachezea hela yako na huku dola 20 zako zimelala humo humo kwenye kadi mpaka tarehe zikaisha. Zile zinazotaka lazima karatasi, kama za chakula, kaunta wanaweza kukuchapia nyingine ukionyesha kitambulisho, ilimradi tarehe haijapita.

Za miezi iliyopita kusema ukweli zimekufa. Tarehe ikipita mfumo unazifuta wenyewe na yule wa kaunta hana uwezo wa kuzirudisha. Ila kama uliwapa anwani mpya kabla na wao ndo hawakuiingiza, omba msimamizi, mweleze kwa utulivu, msimamizi ana uwezo wa kukuwekea kitu kidogo cha kukupoza. Ukianza na kelele hupati hata hicho.

Kuhusu zile dola 900, wenzako wanakutisha bure. Kwa kasino hiyo ni hela ya maji, na hesabu yao ya kutuma ofa mara nyingi haiangalii ulishinda au ulipoteza nini hasa, inaangalia ulizungusha kiasi gani, nimeeleza vizuri kwenye jibu la ndugu wa New Jersey hapo chini. Swali ambalo wewe hukuliandika ni hili, tangu uhame umekwenda mara ngapi? Kama apatimenti mpya iko mbali na umepunguza kwenda, ofa nazo zinapungua, na huwa hazipungui papo hapo, barua ya mwezi huu imepangwa kwa mchezo wako wa miezi miwili mitatu nyuma. Kwa hiyo inaweza kuwa ni vyote viwili, mbili za kwanza zilitupwa na posta na zilizofuata hazikutumwa kabisa.

Ukitaka kujua kwa uhakika kama zinatumwa au la, posta wana huduma ya bure inaitwa Informed Delivery, ipo nchi nzima tangu 2017, unajiandikisha na kila asubuhi wanakutumia picha za bahasha zinazokuja kwako siku hiyo. Ukiona picha ya bahasha ya kasino na kwenye boksi ikakosekana siku ya kwanza na ya pili, sasa hapo una kesi ya kupeleka posta. Kama wiki tatu nne hakuna picha hata moja basi boksi lako halina kosa, rudi kasino.

Swali

Niaje Anko. Mimi ni Mkenya, niko New Jersey karibu na Atlantic City, naendesha Uber. Mimi na bibi yangu kila mtu ako na kadi yake ya kasino moja na tunakaa nyumba moja kwa hivyo hakuna maneno ya anwani. Yeye huenda mara moja kwa mwezi na marafiki zake. Mimi huingia mara kwa mara nikingoja abiria, naweka ishirini hivi, nusu saa nimetoka, saa zingine usiku wa manane saa zingine asubuhi. Yeye anatumiwa chumba, chakula, dola hamsini za kucheza, juzi wamempea hadi blanketi. Mimi mwaka mzima nimepata postikadi moja ya kunitakia hepi bathdei. Na mimi ndiye naenda sana! Kama sio ubaguzi wa wanaume ni nini?

Dereva wa New Jersey

Jibu

Poa sana. Nimecheka mpaka chai imepoa, samahani. Hakuna anayebagua wanaume ndugu yangu, ni hesabu, na hesabu yenyewe haina huruma na watu wa staili yako.

Iko hivi. Kasino haiangalii umetoka na hasara gani siku ile, maana bahati inayumba, inaangalia ilitegemea ikupunguze kiasi gani. Wanachukua jumla ya hela uliyozungusha kwenye mashine, yaani kila ulipobonyeza, wanazidisha na asilimia ambayo mashine ile inabakiza kwa muda mrefu. Tuseme mnacheza zile mashine za senti, kila kubonyeza ni senti 50, kwa saa unabonyeza kama mara 500, hiyo ni dola 250 umezungusha, japo mfukoni umetoa ishirini tu kwa sababu unashinda kidogo unarudisha. Mashine ya senti kubakiza asilimia 10 ni jambo la kawaida. Basi kwa saa moja kasino inakuhesabia dola 25.

Mkeo anakaa masaa manne na marafiki zake, dola 100. Wewe nusu saa, dola 12 na senti 50. Sasa tuseme unaingia mara 12 kwa mwezi, zako ukijumlisha ni dola 150, umempita mkeo. Lakini wao hawajumlishi. Wanagawa kwa siku ulizocheza. Ni wastani, kama ule wa ripoti ya shule, mkeo kafanya mtihani mmoja kapata mia, wewe umefanya kumi na mbili kote umepata kumi na mbili na nusu. Kwenye kompyuta yeye ni mgeni wa dola 100 kwa siku, wewe ni mgeni wa dola 12, na mgeni wa dola 12 hapewi chumba, anapewa hepi bathdei.

Na una balaa lingine la kazi yako. Siku ya kasino haibadiliki saa sita usiku, kila kasino ina saa yake ya kufunga hesabu, nyingi ni alfajiri alfajiri. Wewe ukiingia saa nane usiku ukarudi tena saa mbili asubuhi unaona ni usiku mmoja wa kazi, kwao ni siku mbili, kila moja na kidogo chake. Wastani unazidi kulala.

Hii hesabu haikuanza leo. Mwaka 1998 kampuni ya Harrah's, ambayo baadaye ndo ikawa Caesars, ilimchukua profesa wa Harvard anaitwa Gary Loveman, mtu wa takwimu, hakuwa mtu wa kasino, na 2003 akawa mkurugenzi mkuu kabisa. Walipochimba data za kadi wakakuta asilimia 26 ya wachezaji ndo wanaoleta asilimia 82 ya mapato, na hawakuwa wale wa kushuka na ndege binafsi, walikuwa walimu wastaafu, madaktari, mafundi mitambo, watu wa kawaida wanaopita kucheza mashine baada ya kazi. Ndo maana blanketi halimfuati tajiri, linamfuata mkeo.

Angalia pia vitu vidogo. Kadi ikichomekwa vibaya mashine haikuhesabii, subiri isome jina lako ndo ubonyeze. Kama kuna siku ulitumia kadi ya mkeo kwa sababu yako umeisahau kwenye gari, ulimjazia yeye. Na zipo kasino ambazo kwa nyumba moja zinatuma ofa kubwa moja tu hata kama mna kadi mbili, muulize wa kaunta kama nyumba yenu imeunganishwa.

Wajanja wanafanya hivi, siku za nusu saa hawachomeki kadi kabisa, wanachomeka siku wanayokaa muda mrefu, wastani unapanda. Inafanya kazi, sitakuficha. Lakini mi ningekuwa wewe ningetazama ile 150 kwanza. Kwa mwezi mzima kasino imekupangia uache hapo dola 150 ukingoja abiria, na mkeo blanketi lake kwa hesabu hiyo hiyo limemgharimu mia, blanketi ambalo dukani ni dola ishirini na kitu. Hata zile hamsini za kuchezea huwezi kuzitoa mkononi, lazima uzizungushe kwenye mashine kwanza na yenyewe inamega asilimia yake. Nimeingia nyumba za watu nimekuta kabati zima limejaa blenda na sufuria za kasino bado ziko kwenye maboksi, mwenyewe anakuonyesha kwa furaha anasema hizi zote bure. Bure!

Ukingoja abiria, lala kwenye gari.

Swali

Anko shikamoo, naomba usiweke jina langu. Niko Columbus, Ohio. Mume wangu anakwenda sana kasino, mshahara wa wiki mbili unaweza kuisha Ijumaa moja. Mimi ndo nawahi kutoka kazini kwa hiyo mimi ndo nachukua barua, na tangu mwaka jana kila barua ya kasino nikiiona naichana naitupa mbali kabla hajarudi. Sasa amekuwa mkali, anapiga simu kasino kulalamika mbona hawamtumii, juzi kasema ataenda posta kuripoti wizi. Naogopa. Na cha ajabu kwenda bado anakwenda vile vile. Nimekosea sana?

Jibu

Marahaba mwanangu, pole. Acha kuzichana kuanzia leo. Barua yenye jina la mtu mwingine ukiichukua kwa nia ya kumzuia asiipate ni kosa la sheria ya nchi nzima kule, kifungu cha 1702, adhabu yake inafika hadi miaka mitano, na sheria haijaandika isipokuwa mke. Sisemi kuna mtu atakuja kukukamata kesho, nasema usikae na kitu cha hivyo halafu yeye ndo akaanzisha uchunguzi mwenyewe.

Na hiyo cha ajabu yako wala sio ajabu. Umeshasoma hapo juu, ofa haiko kwenye karatasi. Akifika pale akichomeka kadi anakuta kila kitu, kwenye simu yake ana apu na imeili zinaingia. Ulichokuwa unachana ni tangazo tu.

Mwambie wewe kabla posta hawajamwambia. Chagua siku ambayo hajapoteza, na kama ni mtu wa mkono mwepesi usimwambie mkiwa wawili, mwite kaka yake au mzee mnayemheshimu wote awepo. Usianze na barua, anza na mshahara, hiyo ndo habari yenyewe.

Kinachoweza kuzizuia kweli anakishika yeye. Ohio wana mpango wa mtu kujizuia mwenyewe, unaitwa Time Out Ohio, mtu anajiandikisha kwa hiari yake mwaka mmoja, miaka mitano au maisha. Akishajiandikisha kasino zote za jimbo pamoja na zile za viwanja vya farasi haziruhusiwi kumruhusu acheze wala kumtumia matangazo, akikutwa ndani anahesabiwa kaingia bila ruhusa na akishinda hapewi. Mipango ya namna hii ilianzia Missouri mwaka 1996 na sasa majimbo mengi wanayo. Wewe huwezi kumsainia, hata ulie vipi, lazima aende mwenyewe. Kama hilo bado ni zito kwake aanze na dogo, kaunta ya kadi anaweza kuomba asitumiwe chochote, karatasi, imeili wala meseji, wakabofya wakamtoa na kadi ikabaki. Nilikuwa nawafanyia watu, na walikuwa wanakuja wenyewe kimya kimya, hawataki aliye nyuma yao kwenye foleni asikie.

Kwa upande wako fungua akaunti yako ya benki, mshahara wako uingie huko, kodi ya nyumba itoke huko. Namba ya msaada ni 1-800-GAMBLER, haina malipo, na sio ya wachezaji peke yao, mke au mzazi anaweza kupiga. Kuna pia vikundi vya Gam-Anon, hivyo ni vya familia za wachezaji kamari, utakuta wanawake wenzio wamepitia hayo hayo mpaka ya kuchana barua.

Swali

Anko salamu kutoka Mombasa. Nimepokea imeili inasema nimechaguliwa kupewa siku tatu Las Vegas, hoteli bure ndege bure, na kwamba walinitumia barua kwa posta ikapotea njiani, sasa nitume dola 85 za kuituma tena. Imeandikwa jina langu kamili na ina nembo ya kasino kubwa. Mimi Marekani sijawahi kufika. Nitume ama?

Msomaji, Kisauni

Jibu

Usitume hata shilingi.

Ofa ya kasino inatokana na kucheza kwako, wewe huna kadi, hujacheza, wangekuhesabia nini wakupe ndege? Na kuchapiwa barua iliyopotea ni bure, sijawahi kuona kaunta inayotoza. Nembo mtu yeyote anaikopi kwenye intaneti, jina lako wamelipata popote ulipowahi kuliandika.

Ila nimeiweka hii mwisho kwa ajili ya wale wenye kadi kweli, maana kwao huu mtego ni mgumu zaidi kuuona. Mwaka 2023 wadukuzi waliingia kampuni mbili kubwa za kasino za Las Vegas karibu wakati mmoja, MGM na Caesars. MGM mifumo ilizimika, watu wakafika hotelini funguo za vyumba hazifanyi kazi, na kule Caesars walinakili daftari la wanachama wa kadi, ndani yake kukiwemo namba za leseni za udereva na za Social Security, yaani hifadhi ya jamii ya Marekani, za watu wengi. Kwa hiyo anaweza kukupigia mtu anajua jina lako lote, anajua una kadi, anakwambia kwa sauti ya kaunta kabisa, ofa yako ya mwezi huu ilirudi, nithibitishie namba yako tukutumie upya. Kata simu. Kadi yako igeuze nyuma, kuna namba ya simu ya kasino, piga hiyo.